Siku Bila Ajali

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mlinzi wa lango la kiwanda cha saruji alipanda juu ya kreti la soda, akatungua tarakimu ya bati kutoka kwenye ndoano ya mwisho na kutundika nyingine. Ubao ukasomeka: SIKU 611 BILA AJALI. Alishuka, akarudi nyuma hatua tatu kuhakikisha kwamba tarakimu haikukaa mshazari, kisha akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Mia sita kumi na moja, Mama Mirija!" alimwambia mwanamke aliyekuwa akiingia na kikapu kwapani. "Tukifika elfu tunapewa kofia mpya."

"Kofia mpya, kichwa kilekile," alijibu Mama Mirija bila kupunguza mwendo.

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu yako ni hiyo namba. Nimeshaisikia."

Mama Mirija alikuwa muosha vyombo wa maabara ya kiwanda, iliyokuwa ghorofa ya pili juu ya ofisi. Jina hilo lilitokana na mirija ya kioo, ambayo kwa miaka tisa alikuwa ameiosha, akaisuuza mara tatu na kuianika kichwa chini. Katika muda wote huo alikuwa amevunja miwili tu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa tayari na ufa. Hakupanda ngazi mara moja. Alisimama kando ya banda la baiskeli, kama alivyofanya kila asubuhi, akasubiri watu wa tanuri wapange foleni na karani wa mahudhurio afungue daftari.

Kiwandani hapo watu waliandikwa kwa namba, na karani alizisoma kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Hamsini na mbili."

"Nipo."

"Hamsini na tatu."

"Nipo, ingawa sijalala."

"Hujaulizwa ulivyolala. Hamsini na nne."

Hakuna aliyejibu. Karani alihesabu moja hadi tatu moyoni, kama kanuni ilivyotaka, akaandika "hayupo", akaendelea na hamsini na tano.

Hamsini na nne alikuwa mume wa Mama Mirija, naye alikuwa amefariki siku mia moja tisini na nane zilizopita. Namba yake haikuwezekana kufutwa. Daftari lilichapishwa likiwa na sababu tatu tu za kumwondoa mtu: ameacha kazi, ameachishwa kazi, amekufa kazini. Marehemu hakuwa ameacha wala kuachishwa, na uongozi ulikwisha kutamka kwa maandishi kwamba hakufa kazini. Basi akabaki mtoro. Kila asubuhi aliitwa, kila asubuhi hakuwapo, na mwisho wa kila mwezi karani alimwandikia barua ya onyo na kumkabidhi mjane wake, ambaye aliipokea kwa kutia sahihi.

Mama Mirija hakudai mengi. Alitaka ubao ule urudishwe kwenye sifuri kwa siku moja, kisha uhesabu upya kuanzia Jumanne ya kifo. Kwa hesabu yake, ambayo ilikuwa sahihi, asubuhi hiyo ulipaswa kusomeka 198.

Kazi ya maabara ilikuwa kufanya kwa kioo kile ambacho jani hufanya bila kufundishwa. Mtaalamu, mwanakemia mpole aliyekuwa na kikohozi cha kuomba radhi, alikuwa ametandaza juu ya paa mabapa kumi na saba ya kioo, kila moja kubwa kama mlango wa kabati. Ndani ya mabapa mlipita maji pamoja na hewa ya ukaa iliyotoka kwenye tanuri. Unga mweusi uliopakwa kwenye kioo ulinasa mwanga wa jua, mwanga ukayapasua maji, na haidrojeni iliyopatikana ikaungana na ile hewa kuwa spiriti. Katika ripoti zake Mtaalamu aliuita mchakato huo usanisinuru wa kuundwa. Watu wa tanuri waliyaita mabapa yenyewe majani ya Mtaalamu. Kutoka kwenye spiriti, alieleza kwa yeyote aliyeuliza, mtu angeweza kupata mafuta ya mitambo, nta, plastiki, nyuzi za nguo, karibu kila kitu kilichoumbwa kwa kaboni. Kwa sasa majani yake yalitoa vijiko viwili kwa siku, na siku za mawingu hayakutoa kitu.

Hewa yenyewe ilikusanywa shimoni, chumba cha zege kilichokuwa chini ya tanuri, na pampu ikaishindilia kwenye mitungi. Haina rangi wala harufu, tena ni nzito. Ikivuja hutulia chini kama maji yasiyoonekana, na anayeshuka ndani yake huhisi uzito wa kichwa, kisha usingizi. Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Msimamizi hupima hewa kwanza, kisha humwandikia anayeshuka kibali kwa penseli, kwa kuwa wino ulichuruzika kwenye mvuke wa shimo. Akitoka, kibali hichohicho hugongwa muhuri. Kuingia kwa penseli, kutoka kwa muhuri: ndivyo watu wa tanuri walivyowafundisha wageni.

Jumanne ile saa nane mchana, mume wa Mama Mirija alikutwa amelala nje ya ukuta wa kiwanda, karibu na mfereji. Ripoti ilisema kwamba siku hiyo hakufika kazini. Ukurasa wa mahudhurio ulikuwa umemwagikiwa chai. Mama Mirija alijua mambo mawili tu: kwamba asubuhi ile waliingia langoni pamoja, wakibishana kuhusu bomba la jikoni, na kwamba kamba za viatu alivyokutwa navyo zilifungwa fundo moja. Mumewe alifunga mafundo mawili tangu siku alipomfahamu.

Siku hiyo ya mia moja tisini na nane Mtaalamu aliishiwa mitungi. Nyuma ya ghala alikuta mmoja ambao tarehe yake ya chaki ilikuwa imefutwa kwa kiganja, akaupandisha juu ya paa na kuuunganisha na bapa la tatu. Kufikia saa tano, jua likiwa kali, bapa lilikuwa halijatoa spiriti hata tone. Lilitoa kitufe.

Kilikuwa kitufe cha kahawia chenye matundu manne. Mtaalamu alikipima uzito, akaandika kwenye daftari lake, "Bapa la 3: kitufe, kimoja," kisha akaangalia kipimajoto.

Mama Mirija alikikuta kwenye karai la vyombo vya kuoshwa. Alikisuuza mara tatu, akakigeuza. Ukingo wake ulikuwa umemeguka kidogo, mahali ambapo mumewe alikuwa na mazoea ya kukitafuna alipokuwa akifikiri.

"Hiki ni cha ovaroli ya mume wangu," alisema.

"Inawezekana." Mtaalamu alikohoa. "Hewa imetoka shimoni, na huyo mtu, kama alipumua huko, pampu isingeweza kumbagua. Pole, Mama."

"Mtungi umebaki na kiasi gani?"

"Karibu wote."

"Basi usiufunge."

Kesho yake bapa lilitoa kamba ya kiatu, imefungwa mafundo mawili. Siku iliyofuata lilitoa kitana kilichopungua meno matatu, na baada yake mkanda wa ngozi usio na bizimu, kwa maana majani yalifanya kazi kwa kaboni na hayakuwa na namna ya kupata chuma. Kwa sababu hiyohiyo miwani ya kusomea ilikuja fremu tupu. Mama Mirija aliosha kila kitu, akakianika kwenye rafu ya mirija.

"Ufanisi umepanda mara arobaini," alisema Mtaalamu, akiwa na furaha ya kiasi. "Tatizo ni kwamba bidhaa yenyewe haina soko."

"Ina mwenyewe," alisema Mama Mirija.

Siku ya tano kilitoka kibali. Kilikuwa kimeviringika ndani ya mrija, kikavu, na maandishi ya penseli yalisomeka bila shida: "Namba 54. Kushuka shimoni kufunga valvu, saa 4:15. Kipimo cha hewa: kibovu. Endelea." Chini yake palikuwa na sahihi ya msimamizi wa shimo. Nafasi ya muhuri ilikuwa wazi.

Msimamizi wa shimo alikuwa mdogo wake marehemu, wa tumbo moja. Mama Mirija alimkuta kwenye kibanda cha pampu akitia grisi.

"Mwandiko wa nani huu, shemeji?"

Aliutazama bila kuugusa. "Wangu."

"Na hii 'endelea'?"

"Yangu pia." Alijifuta grisi kidole kimoja kimoja. "Niliwaambia wakubwa kipimo kimekufa wiki ya pili sasa. Wakaniambia andika endelea. Nikaandika."

"Viatu alifunga nani?"

"Mimi. Vilikuwa na tope la shimo, ikabidi tuvivue tuvioshe kabla ya kumtoa nje ya ukuta. Fundo la pili lilinishinda."

Pampu ilikata, ikawaka tena.

"Twende kwa Meneja ukaseme hivyohivyo."

"Nina watoto wanne."

"Mimi ninao wawili, na wanakuita baba mdogo. Wakija kwako Jumapili unawaangalia vipi?"

"Nawaangalia wakila," alisema shemeji. "Wakimaliza nawasindikiza."

"Basi baki na pampu yako. Nakwenda na karatasi. Yenyewe haina watoto."

Meneja hakuwa mtu mkali. Alimkaribisha kiti, akakisoma kibali mbele na nyuma, akakishika kuelekea dirishani ili mwanga upite.

"Mama, hiki hakina muhuri wa kutoka."

"Hakutoka."

"Ndicho ninachokueleza. Kibali bila muhuri hakijakamilika, na kisichokamilika hakihesabiki kuwa kibali. Kwa hiyo hakuna aliyeshuka."

"Angetoka mzima kingekamilika?"

"Bila wasiwasi."

"Na hapo pasingekuwa na ajali."

"Umenielewa," alisema Meneja, akionekana kufarijika kwelikweli. Alikifungia kibali kwenye jalada la karatasi zisizokamilika, ambalo lilikuwa nene. Kisha akamweleza kwamba kiwanda kilitambua uaminifu wake wa miaka tisa, na kwamba nafasi ya mkuu wa usafi ilikuwa wazi, pamoja na meza na kiti cha ofisi cha magurudumu.

"Kiti cha magurudumu kinipeleke wapi? Mimi nataka sifuri."

"Sifuri?"

"Siku moja tu. Pale ubaoni."

Meneja alilichukua ombi hilo kwa uzito. Alipiga simu ghalani, akasikiliza kwa muda mrefu, akaandika jambo na kulipigia mstari.

"Sifuri zipo," alisema alipokata simu. "Ila ni za kufuata tarakimu nyingine. Ya kusimama peke yake hatukuagiza."

Alasiri hiyo aliagiza kwamba mtungi usio na tarehe ufunguliwe na hewa yake iachiliwe upeponi siku ya Ijumaa saa nane mchana, kwa sababu za usalama.

Ijumaa asubuhi Mama Mirija alipanda juu ya paa na mipira kumi na saba ya kupitishia hewa, yote akiwa ameiosha. Mtaalamu alikuwa amesimama katikati ya majani yake, akitazama anga, ambalo halikuwa na wingu.

"Siwezi kukuruhusu, Mama," alisema.

"Sijaomba."

"Ndiyo." Alikohoa. Aliweka spana juu ya ukingo wa ukuta, akaisogeza kidogo ili isianguke. "Mimi nakwenda kunywa chai. Huwa nakunywa polepole. Valvu hiyo hufunguka kushoto."

Aliposhuka, Mama Mirija alifunga mlango wa paa na kuuegemezea rafu ya kuanikia mirija iliyokuwa hapo juu. Aliunganisha mtungi na mabapa yote, akalegeza valvu mpaka mwisho, akaketi juu ya ndoo yake iliyofudikizwa. Saa sita, jua likiwa utosini, nyuzi zilianza kutoka. Bapa la kwanza lilitoa mkono wa kushoto wa nguo, la pili ukosi, la saba goti lenye kiraka alichokishona yeye mwenyewe. Alivichukua vipande hivyo na kuvipanga kwenye zege, navyo vikashikana vyenyewe pale pindo zilipokutana.

Saa nane kamili mlango uligongwa.

"Mama Mirija, fungua. Ni agizo la Meneja."

"Naosha."

"Unaosha nini juu ya paa?"

"Kilichochafuliwa."

"Tutauvunja mlango!"

"Mkiuvunja mtauandikia ripoti," alisema Mama Mirija. "Muanze kufikiria mtasema mlango haukufika kazini siku gani."

Nyuma ya mlango walikuwa watu watano, na shemeji ndiye aliyepewa nyundo. Alisikika akisema kwamba mlango wa namna ile unahitaji fundi, na kwamba fundi yuko likizo. Wengine walimwambia asijifanye mjinga, mlango ni mbao tu. Alirudia kwamba fundi yuko likizo, kwa sauti ileile, na hakuitoa nyundo.

Saa tisa na dakika kumi mshale wa mtungi ulilala, hewa ikiwa imeisha. Kilichokuwa kimetandazwa kwenye zege kiliinuka. Ilikuwa ovaroli ya kijivu, imejaa umbo kama nguo iliyoanikwa penye upepo, ingawa upepo haukuwapo, na ndani yake hamkuwa na mtu. Ilisimama ikiwa imeinamisha bega moja, upande aliobebea vifaa. Mama Mirija alitoa sindano kwenye kikapu, akakishona kitufe cha kahawia mahali pake kifuani, akaukata uzi kwa meno.

"Umechelewa," alisema. "Twende."

Walishuka ngazi wakifuatana. Watu watano waliwapisha ukutani. Ovaroli ilipomfikia shemeji ilisimama kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo alilotaka kusema, kisha ikaendelea.

Jumatatu ovaroli ilipanga foleni kati ya hamsini na tatu na hamsini na tano.

"Sogea, kaka," alisema hamsini na tano. "Zamani ulikuwa hujai hivi."

"Hamsini na nne," aliita karani.

Ovaroli iliinua mkono wake mtupu. Karani aliutazama, akahesabu moja hadi tatu. Kanuni ilitaka mtu aitikie kwa mdomo, na ovaroli haikuwa nao.

"Yupo!" Mama Mirija alipaza sauti kutoka banda la baiskeli.

"Mama, hapa mtu haitikiwi."

"Mwandike yupo."

Karani aliandika "hayupo", akaendelea na hamsini na tano. Foleni nzima ilimwona akiandika.

Uongozi ulilijadili suala hilo kwa utulivu. Ilionekana kwamba ovaroli ni mali ya kiwanda, iliyorudishwa kwa kuchelewa, na kwamba hakuna kanuni inayozuia mali ya kiwanda kuwa kiwandani. Mlinzi aliamriwa kuiruhusu ipite. Kila siku ilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa shimo na kusimama mbele yake, wala haikumpisha yeyote ambaye hakuja na kipimo cha hewa kilicho kizima. Kwa kuwa kipimo hakikuwa kimenunuliwa, watu hawakushuka. Baada ya wiki tatu uongozi ulitoboa mlango mwingine upande wa nyuma. Ovaroli ilikuwa moja, na milango sasa ilikuwa miwili. Mtaalamu alipata barua ya pongezi kwa majani yake, na siku za jua yaliendelea kutoa vijiko viwili vya spiriti.

Mama Mirija alikataa kiti cha magurudumu kwa mara ya pili. Alianza kuandika namba yake. Kila asubuhi, kabla ya kugusa mrija wowote, alichovya kidole kwenye povu la sabuni na kuiandika kwenye dirisha la maabara lililotazama lango, kwa tarakimu zenye urefu wa mkono. Aliziandika kinyume, tarakimu ya kwanza ikiwa kulia kwake, ili aliye nje azisome sawasawa; ilimchukua siku nne kuizoea tano. Meneja aliamuru zifutwe. Aliyewajibika kufuta madirisha ya maabara alikuwa muosha vyombo, na utaratibu ulisema madirisha hufutwa jioni. Basi alizifuta kila jioni, vizuri, kwa gazeti kavu, na asubuhi akaandika nyingine iliyozidi kwa moja.

Siku ubao ulipofika elfu moja, mlinzi alipigilia ndoano ya nne. Alitundika moja, kisha sifuri tatu zilizotoka ghalani zikiwa bado na karatasi zake, zote zikiifuata ile moja. Kofia zilikuwa zimepangwa kwenye meza, za njano, kwa idadi ya waliohudhuria. Meneja alisema maneno machache kuhusu usalama. Watu wa tanuri walishika kofia zao mikononi, na hakuna aliyevaa.

Karani alifungua daftari.

"Hamsini na tatu."

"Nipo."

"Hamsini na nne."

Mkono mtupu uliinuka. Kando ya banda la baiskeli Mama Mirija alivuta pumzi, lakini sauti iliyotangulia haikuwa yake. Ilitoka kwenye kibanda cha pampu, ya mwanamume, imekwaruza kama kitu kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

"Yupo!"

"Yupo," alisema hamsini na tano.

"Yupo!" alisema Mama Mirija, na foleni ikalipokea neno hilo kutoka mwisho hadi mwanzo, kila mtu kwa sauti yake, mpaka hata mlinzi aliyekuwa bado juu ya kreti akalisema, kisha akamtazama Meneja na kujifanya anakohoa.

Karani alisubiri wamalize. Alihesabu moja, mbili, tatu. Aliandika "hayupo", akakausha wino kwa karatasi, akaita hamsini na tano.

Mama Mirija alipanda ngazi. Alivua viatu vya nje, akafunga aproni, akachanganya sabuni kwenye karai. Kisha akasogea dirishani na kuanza na saba upande wa kushoto wake, akafuata na nane, akamalizia na tano, polepole, bila kuacha povu lichuruzike, mpaka watu wote waliokuwa langoni wakainua nyuso na kusoma: 587.